Kivuli Kina Haki Yake

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 kamati ya chanzo cha maji ya mtaa wetu hapa Kihesa iliandika barua ya kuomba msaada. Tuliomba miche ya miti ya asili, nyavu za waya za kufungia mawe, na mtaalamu wa kutuelekeza namna ya kuzuia korongo lisiendelee kuila ardhi iliyo juu ya chemchemi yetu. Katibu nilikuwa mimi, maana katika nchi hii mwalimu mstaafu haachi kuandikia watu barua mpaka siku ya kuzikwa kwake. Barua niliiandika vizuri. Nilieleza kina cha korongo, nikataja kaya zinazotegemea maji yale, nikaonyesha jinsi chemchemi ilivyopungua mwaka hadi mwaka. Kisha tukaambatanisha picha aliyoipiga mjukuu wangu.

Jibu lilifika baada ya wiki sita. Ofisi ile, ambayo sina haja ya kuitaja, ilitushukuru kwa juhudi zetu, ikasema kwamba kwa kadiri ya picha iliyoambatanishwa eneo letu linaonekana kuwa na uoto wa kuridhisha, na kwamba kwa wakati ule walikuwa wakitoa kipaumbele kwa maeneo yaliyoharibika zaidi.

Niliisoma barua ile mara tatu. Kisha nikatoa nakala ya picha kwenye jalada nikaitazama. Nakiri kwamba kabla ya hapo sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nimeisifu tu, kama babu anavyosifu kazi ya mjukuu. Nyasi za Oktoba, ambazo kila mtu wa Iringa anajua kwamba huwa na rangi ya mabua makavu, zilikuwa kijani. Anga lilikuwa la buluu iliyokolea kama wino wa chupa. Na korongo letu, ambalo mtu mrefu akisimama chini mwenzake aliye ukingoni haoni hata kofia yake, lilikuwa limemulikwa mpaka chini, likawa kama mfereji wa kumwagilia mboga. Afisa aliyeandika jibu lile hakukosea. Aliamini alichoonyeshwa. Wakosaji tulikuwa sisi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, makala haya ni ya ugomvi. Nagombana na makundi mawili kwa pamoja. Kundi la kwanza ni la vijana wanaopaka nchi yetu rangi mpaka haijulikani. Kundi la pili ni la wazee wenzangu, ambao wakiona makosa ya vijana hao husema kwamba picha ya kweli ni ile isiyoguswa kabisa. Makundi haya yanadhani yanapingana. Mimi nasema yote mawili yanakosea jambo lilelile, nalo ni kivuli.

Hebu kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Picha za namna hii huitwa HDR, herufi tatu za Kiingereza zenye maana ya upana mkubwa wa mwanga. Mpiga picha hupiga picha mbili, tatu au zaidi za mahali palepale bila kusogeza kamera. Moja huiruhusu kupokea mwanga kidogo, ili mawingu yaonekane. Nyingine mwanga wa kadiri. Nyingine mwanga mwingi, ili yaliyo gizani yajitokeze. Baadaye kompyuta huziunganisha zote kuwa picha moja. Siku hizi simu hufanya kazi hiyo yenyewe kabla mwenye simu hajapepesa jicho. Simu za iPhone zilianza kuwa na uwezo huo mwaka 2010, na leo ni simu chache zisizo nao. Maana yake ni kwamba mtu anayejisifu kuwa hajawahi kupiga picha ya HDR, huenda anayo mia moja mfukoni.

Kwa nini watu waliitafuta njia hii? Aliyewahi kwenda Daraja la Mungu, kule kwenye mto Kiwira nje ya mji wa Tukuyu, hahitaji maelezo marefu. Pale jiwe limekaa juu ya mto kama daraja lililojengwa, na chini yake ni giza la maji na majimaji, hali juu yake jua linapiga kwenye majani. Ukipima mwanga wa juu, chini panakuwa peusi kama masizi ya chungu. Ukipima mwanga wa chini, juu panakuwa peupe kama karatasi. Lakini wewe uliyesimama pale uliona vyote viwili. Jicho lako lilitazama juu, mboni ikajibana. Likatazama chini, mboni ikatanuka. Na akili ikaviunganisha bila kukuomba ruhusa.

Wapiga picha huhesabu mwanga kwa kuuongeza mara mbili kila hatua. Hii ni hesabu ya darasa la nne. Anza na moja, zidisha kwa mbili mara saba, utapata 128. Zidisha mara kumi na nne, utapata 16,384. Kamera nzuri ya leo inaweza kubeba tofauti ya mwanga inayokaribia hatua kumi na nne. Lakini picha ikichapwa kwenye karatasi nzuri inayong'aa, sehemu nyeupe kabisa hurudisha mwanga kama mara mia moja tu ya sehemu nyeusi kabisa. Basi tazama mzigo uliopo: maelfu kumi na sita yanatakiwa kuingia ndani ya mia. Ni kumimina debe ndani ya kibaba. Mwenye kumimina ni lazima aamue nini kiingie na nini kimwagike. Hapo ndipo kazi ya mpiga picha inapoanza, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza pia.

Nianze na wazee wenzangu. Rafiki yangu mmoja tuliyefundisha naye aliposikia habari ya barua yetu alicheka, akaniambia, "Mwalimu, ndiyo maana nasema, zama zetu kamera haikudanganya." Namheshimu, lakini maneno hayo si ya kweli hata kidogo. Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1850, alipiga picha za bahari ambazo watu walizistaajabia kwa sababu mawingu na mawimbi yalionekana pamoja. Alifanyaje? Dawa za kupigia picha za wakati ule ziliifanya buluu ya anga kuwa nyeupe tupu, kwa hiyo alipiga anga kwa kioo kimoja na bahari kwa kioo kingine, kisha akaunganisha viwili hivyo kwenye karatasi moja. Mmarekani Ansel Adams, ambaye wapenda picha za milima humtaja kama wachoraji wa kwetu wanavyomtaja Tingatinga, aliandaa na mwenzake Fred Archer, mnamo mwaka 1940, utaratibu wa kugawa mwanga katika ngazi kutoka nyeusi hadi nyeupe. Alipofika kwenye chumba cha giza alitumia saa nyingi akikinga sehemu moja ya karatasi na kuichoma nyingine kwa mwanga. Katika miaka ya 1950 Charles Wyckoff, Mmarekani mwingine, alitengeneza filamu yenye tabaka tatu, kila moja ikiwa na wepesi wake wa kupokea mwanga, ili milipuko ya mabomu ya nyuklia iweze kupigwa picha. Na mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walichapisha njia ya kuunganisha picha hizo kwa kompyuta. Kwa ufupi, tangu picha zianze kupigwa watu wamekuwa wakihangaika na debe na kibaba.

Tena mimi mwenyewe ni shahidi. Mwaka 1978 nilinunua kamera ya filamu kwa fedha nilizodunduliza. Picha thelathini na sita zilinitosha kwa miezi, na kuzisafisha kulihitaji kuzipeleka studio mjini na kusubiri. Ninazo mpaka leo. Katika nyingi, nyuso za wanafunzi wangu waliosimama chini ya mti ni nyeusi tupu, meno tu ndiyo yanayoonekana, na nyuma yao uwanja ni mweupe kama unga. Je, huo ndio ukweli usioguswa? Watoto wale walikuwa na nyuso. Mimi niliziona, nazikumbuka. Kamera ndiyo iliyoshindwa kuziona, na mimi kwa ujinga na uchache wa fedha sikuisaidia. Aliyenyamaza si lazima awe amesema kweli. Mtu akiniambia kwamba giza lile liachwe kama lilivyo kwa heshima ya ukweli, namwambia kwamba anaheshimu mashine kuliko mtu aliyesimama mbele yake.

Sasa niwageukie vijana, ambao kwa kweli ndio walionikasirisha.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa zana za kufundishia alitupa kila mmoja chaki moja nyeupe na vipande vitatu vya rangi. Katika mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kipindi cha jiografia, nami nikataka kuwashangaza wanafunzi kwa mlima Rungwe. Nilichora miteremko kwa kijani, mawe kwa nyekundu, mawingu kwa buluu, na juu ya yote nikapaka njano. Darasa zima lilifurahi. Nilipowauliza volkeno ilitokea wapi, hakuna aliyeweza kuinyoshea kidole. Mkufunzi aliyekaa nyuma aliniita baada ya kipindi, akasema, "Umefundisha rangi. Mlima hukuufundisha." Kisha akanieleza kwamba chaki nyeupe ndiyo inayofundisha, na ile ya rangi kazi yake ni kuonyesha mahali pamoja tu ambapo jicho lisipite bila kusimama. Ukipaka rangi kila mahali, hakuna mahali ulipoonyesha.

Maneno hayo nayakumbuka kila ninapotazama picha za nchi yetu zinazotembea kwenye simu na kalenda. Makosa yake ni yaleyale, na yanahesabika. Kwanza, ukingo wa mlima huwa na utando mweupe unaoufuata mlima wote, kana kwamba mlima umevikwa taa. Utando huo haukuwapo. Ni kompyuta iliyolazimishwa kumulika mlima na kutia giza anga vinapokutana. Pili, kila kitu kina mwanga sawa: jani la karibu, jiwe la mbali, chini ya mti na juu ya mti. Jicho halijui lianzie wapi. Tatu, mawingu yote yana hasira ya masika, hata yale mawingu mepesi ya mwezi wa saba ambayo hayajawahi kumlowesha mtu. Nne, kijani. Kijani hiki sijakiona katika jani lolote la Nyanda za Juu Kusini, wala la mgomba wa Tukuyu, wala la chai ya Mufindi baada ya mvua.

Hata Gangilonga haikusalimika. Jiwe lile lililo juu ya mji wetu, jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe lisemalo. Vijana hulipanda jioni kupiga picha za jua likitua, na ni jambo jema. Lakini nikiziona picha zao nadhani jiwe haliongei tena, linapayuka.

Najua nitajibiwa kuhusu Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa upande wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi kali za mafuta, akachora ndege na wanyama ambao hawapo popote. Mbona yeye namsifu? Namsifu kwa sababu hakumwambia mtu yeyote kwamba alikuwapo mahali fulani saa kumi jioni akamwona ndege yule. Mchoro unajieleza kuwa ni mchoro. Picha, hata mpigaji asipotamka neno, inasema: hapa palikuwa hivi. Anayetaka uhuru wa Tingatinga na achukue brashi. Anayechukua kamera amekubali kuwa shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kunogesha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii haina upungufu wa rangi hata tuiongezee. Kuanzia Septemba, kabla mvua haijaanza, miombo huchipua majani machanga mekundu, ya rangi ya shaba na ya divai, vilima vizima, wakati ardhi chini yake imekauka. Ni jambo la ajabu, maana miti inatoa majani kabla ya maji. Kwenye picha za vijana jambo hilo hupotea, kwa sababu ama wekundu ule umekolezwa ukawa moto wa kichaa, au umefunikwa na kijani kilichoongezwa kila mahali. Kule Kitulo, ambako watu hupaita Bustani ya Mungu na ambako pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, maua hufumuka wakati wa mvua juu ya uwanda ulio baridi, na uzuri wake ni kwamba ni madogo madogo katika nyasi na ukungu, unayaona kadiri unavyokaribia. Mpiga picha akiyafanya yote yapige kelele kwa pamoja, ameondoa ukungu, na akiondoa ukungu ameiondoa Kitulo.

Wapo watakaosema, "Mzee, hizo ni picha tu. Nani ameumia?" Nimeshaeleza nani ameumia: mtaa wangu. Lakini tuangalie mbali kidogo. Mto Ruaha Mkuu, unaoipa jina Hifadhi ya Ruaha iliyoanzishwa mwaka 1964, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka katika sehemu yake ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, kwa sababu maji mengi hutumika huko juu katika bonde la Usangu kabla hayajafika. Tembo huchimba mchanga wa mto kutafuta maji. Mto huohuo ndio unaoelekea kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu, ambayo nchi imeyategemea kwa umeme kwa miongo mingi. Hili ni jambo zito kwa mkulima wa mpunga, kwa mfugaji, kwa mnyama na kwa mwenye balbu nyumbani. Sasa mtu akiipiga picha Ruaha ya Oktoba, akaondoa vumbi, akakijaza kidimbwi kilichobaki buluu ya bahari ya Zanzibar, akakoleza kijani cha mikwaju ya ukingoni, amemwambia mtazamaji kwamba hakuna tatizo. Hakusema kwa mdomo, lakini amesema. Na mtoto anayekua akitazama picha hizo, siku atakapopelekwa kwenye mto wenyewe atasikitika kwamba mto haufanani na picha, badala ya kusikitika kwamba mto hauna maji.

Basi tufanyeje? Mwalimu anayelaumu bila kuonyesha njia hajamaliza kipindi. Nieleze tulivyofanya.

Oktoba ya mwaka 2023 mimi na mjukuu wangu tulirudi kwenye korongo. Kwanza tuliacha kwenda mchana. Jua la saa saba hupiga wima, na ardhi yote huwa kama uso uliopakwa unga. Tulikwenda saa kumi na nusu jioni, jua likiwa limeinama upande wa magharibi, ukuta mmoja wa korongo ukiwa na mwanga na mwingine kivulini. Huo, ndugu msomaji, ndio ushupavu ninaoutaka kwa mpiga picha: kuchagua saa, kupanda, kusubiri, kusimama mahali ambapo tatizo linaonekana hata kama si mahali pazuri. Anayefanya hayo hana haja kubwa ya kuongeza chochote baadaye. Mara nyingi rangi kali ni faini anayolipa mtu aliyefika kwa kuchelewa.

Kijana aliweka kamera ya kuazima juu ya stendi ya miguu mitatu. Alipiga moja kwa ajili ya anga, moja kwa ajili ya nyasi, moja kwa ajili ya kivuli. Upepo ulipovuma tulingoja, kwa sababu jani likisogea kati ya picha ya kwanza na ya tatu huonekana mara tatu kama mzimu. Mjumbe mmoja wa kamati alishuka chini kabisa akasimama kimya na jembe lake, ili mtazamaji apate kipimo.

Nyumbani, mbele ya kompyuta, niliweka sharti moja. Kabla hajagusa kitu, aniambie aliona nini alipokuwa pale. Akasema, "Babu, niliona giza kule chini, lakini nikikaza macho naona mizizi." Nikamwambia basi fanya hivyohivyo. Akaanza kuinua mwanga wa kivuli polepole. Mizizi ikajitokeza, kisha tabaka za udongo, kisha mguu wa mjumbe wetu. Nikamwambia simama hapo. Akauliza kwa nini, kwani bado kulikuwa na mengi ya kuonyesha. Nikamjibu kwamba akiongeza kidogo tu haitajulikana tena kuwa ni shimo. Kina cha korongo hakionekani kwa udongo wake, kinaonekana kwa kivuli chake. Ukikifuta kivuli umelifukia korongo. Kivuli kibaki kivuli, lakini jicho lipewe nafasi ya kuingia.

Lakini haki itendeke: kwenye anga mjukuu alinishinda. Mimi, kwa kuogopa makosa ya mwaka uliotangulia, nilitaka anga liachwe jeupe na pole. Yeye akasema hapana. Akakumbusha kwamba jioni ile kulikuwa na moto wa msituni kwenye vilima vya mbali, na moshi ulikuwa umetanda rangi ya kahawia. Katika picha niliyoitaka mimi moshi ule haukuwapo, ulikuwa umeyeyuka ndani ya weupe. Akalikoleza anga, si kwa rangi mpya, bali kwa kutenganisha lililo jeusi na lililo jeupe mpaka mistari ya moshi ikaonekana. Nikanyamaza. Upole wangu ulikuwa umekaribia kuficha moto, kama kelele zake zilivyoficha korongo. Hapo nilijifunza kwamba kiasi hakimaanishi kufanya kila jambo nusunusu. Mahali pengine kiasi ni kuacha, na mahali pengine kiasi ni kuthubutu. Kinachoamua ni swali lilelile: pale mahali palikuwaje?

Aliniuliza pia swali ambalo sikulidharau. "Babu, picha ya upole watu hawaiangalii. Wanapita." Ni kweli. Mashindano ya macho ni makali, na kijana anayetaka kuuza kalenda anajua mnunuzi ananyosha mkono wapi. Jibu langu ni kwamba ukali una mahali pake, kama chaki nyekundu. Chagua mahali pamoja katika picha ambapo hutaki mtu apite, hapo uwe shupavu, penginepo potepote uwe na adabu. Katika picha yetu mahali hapo ni mjumbe na jembe lake mbele ya giza la mizizi. Kila aliyeiona alianzia hapo.

Picha ile tuliichapa kubwa tukaipeleka kwenye kikao cha mtaa. Tuliibandika ukutani, na watu wakapita kuitazama kabla ya ajenda. Bibi mmoja, mzee kuliko mimi, alisogea karibu sana, akaweka kidole ndani ya kivuli, juu ya mzizi mmoja mnene wa mkuyu. Akasema, "Mzizi huu nilikuwa naukalia nikisubiri ndoo ijae." Ukumbi ukatulia. Katika picha mzizi ule unaning'inia hewani, juu ya kichwa cha mjumbe wetu. Hakuna takwimu niliyoiandika kwenye barua yangu iliyoeleza jambo lile kama kidole cha bibi yule. Na katika picha ya kwanza, iliyomulikwa kila mahali, mzizi ule ulikuwapo pia. Sisi sote tuliupita, kwa sababu ulikuwa unang'aa sawa na kila kitu kingine.

Siku ile kikao kilikumbushwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayolinda eneo la mita 60 kuzunguka vyanzo vya maji, na wenye vinyungu vilivyoingia ndani ya mita hizo wakakubali kupimiwa upya. Tulipanga Jumamosi mbili za kazi. Mawe tulibeba wenyewe, na miche ya mikuyu na mivengi tuliotesha wenyewe. Barua ya pili tuliituma na picha mpya. Ninapoandika haya bado hatujajibiwa, wala sitadai kwamba picha nzuri huponya korongo. Korongo huponywa na mawe, miti na miaka.

Nyuma ya picha niliandika kwa mkono tarehe, saa, na jiwe tuliloweka stendi. Tumekubaliana na mjukuu kwamba kila Oktoba atapiga nyingine kutoka jiwe lilelile, saa ileile, kwa kiasi kilekile. Siku moja watu watataka kujua kama tuliokoa chemchemi au tuliipoteza. Watazipanga picha hizo mezani, na kijani kikionekana humo, nataka wawe na hakika kwamba ni majani.